Kusasisha sintesaiza: waya wa MIDI au kadi ya SD?

Waya wa MIDI, ule wa kuunganisha ala za muziki za kielektroniki, ulioanza kutumika 1983, hupitisha biti 31,250 tu kwa sekunde. Faili la programu mpya ya sintesaiza (ala ya kielektroniki ya kuunda sauti) lenye megabaiti moja huchukua zaidi ya dakika tano, na baiti moja ikipotea njiani, mara nyingi unaanza upya. Ndiyo maana programu za kutuma SysEx (ujumbe wa MIDI unaobeba faili hilo) huwa na sehemu ya kuongeza pengo kati ya ujumbe mmoja na mwingine. Liongeze, haraka ya nini?

Kadi ni rahisi: nakili faili, chomeka, washa huku umebonyeza kitufe kilichotajwa kwenye mwongozo. Ila mashine nyingi hutaka kadi iliyoumbizwa kwa FAT32 (mfumo wa kupanga faili), na faili lisifichwe ndani ya folda.

Mimi nachagua kadi. Sintesaiza kuukuu, lakini, hazina hata tundu la kadi.