Icestudio: kusanifu saketi ya taa za dagaa kwa kuchora

Kwa miezi minne nimekuwa nikiitumia Icestudio katika chumba changu cha kazi hapa Kirumba jijini Mwanza, karibu na soko la Mwaloni, kutengeneza kidhibiti cha taa za sola za wavuvi wa dagaa. Ni programu huria ambayo ndani yake unaweka visanduku kwenye ukurasa na kuviunganisha kwa waya. Mchoro huo hugeuzwa kuwa Verilog, lugha ya kueleza saketi kwa maandishi, kisha kuwa faili la kupakia kwenye chipu ya FPGA, yaani chipu ambayo saketi zake za ndani hupangwa na mtumiaji mwenyewe. Mara ya kwanza inahitaji bando la kupakua zana zake za kutafsiri, na baada ya hapo inafanya kazi bila intaneti.

Kwa taa moja au mbili Arduino, bodi ndogo inayotekeleza programu ya kawaida, inatosha, na simshauri mtu ajisumbue. Mimi nilihitaji taa nane, kila moja na kiwango chake cha mwanga, wakati Arduino Uno ina pini 6 tu za kupunguza mwanga kwa kuwasha na kuzima kwa kasi. Nilitumia bodi ya iCEstick, yenye chipu ya FPGA aina ya iCE40 ya seli 1,280 za mantiki na saa ya megahezi 12. Kaunta moja ya biti 8 inazunguka mara 46,875 kwa sekunde, na waya wake unagawanyika kwenda kwenye vilinganishi vinane, kila kimoja kikilinganisha hesabu hiyo na kiwango cha mwanga cha taa yake, vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja, bila kimoja kusubiri zamu ya kingine. Katika mchoro jambo hilo linaonekana kwa macho, ilhali katika maandishi mwanafunzi aliyezoea programu za kawaida hudhani mstari wa kwanza unatangulia wa pili.

Faida hiyo niliiona mwenye mtumbwi alipokuja kuangalia kazi. Alifuata waya kwa kidole kutoka kisanduku cha betri hadi taa ya tatu, akauliza kwa nini hiyo inafifia mapema wakati ndiyo inayokaa upande wa wavu. Nilihamisha waya mmoja mbele yake, nikapakia upya, na hoja yake ikawa imetekelezwa kabla hajaondoka.

Kasoro kubwa iko kwenye muda. Wazo la kueleza kazi kama mtiririko wa data ni la zamani. Jack Dennis wa chuo cha MIT, Marekani, alilifanyia kazi katika miaka ya 1970, na programu ya LabVIEW ikalipeleka kwenye michoro mwaka 1986. Katika wazo lenyewe, kisanduku hakifanyi kazi mpaka data ifike kwenye milango yake yote ya kuingilia. Waya za Icestudio hazina subira hiyo: ni waya halisi za saketi, na kisanduku cha kutoa, yaani cha kupunguza namba moja kutoka nyingine, kitatumia chochote kilichopo kwenye waya zake mbili kwa wakati huo, hata kama namba hizo ni za nyakati tofauti.

Hilo lilinigharimu wiki nzima. Usomaji wa volti ya betri niliugawa matawi mawili: moja lilikwenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha kutoa, jingine lilipita kwanza kwenye rejesta mbili za kulainisha, yaani visanduku vinavyoshikilia namba mpaka usomaji unaofuata. Rejesta hizo zilipokea usomaji mpya mara 10 kwa sekunde, kwa hiyo tawi la pili lilichelewa kwa sekunde 0.2. Kila taa ilipowashwa volti ilishuka kidogo, tofauti ya uongo ikatokea, na taa nyingine zikafifia bila sababu. Mchoro ulikuwa safi kabisa, na nilikuwa nimeukagua mara nyingi. Niligundua kosa nilipouchora upya kwenye daftari na kuandika juu ya kila waya idadi ya rejesta ulizopitia. Kuongeza rejesta mbili kwenye tawi la kwanza kukamaliza tatizo. Tangu hapo naandika ucheleweshaji katika jina la kila kisanduku ninachotengeneza, na ningefurahi sana kama programu yenyewe ingeuhesabu na kuuonyesha.

Kwa mambo yanayokwenda hatua kwa hatua, kama utaratibu wa kuwasha taa moja baada ya nyingine, mchoro ulinichanganya zaidi ya kunisaidia. Hapo nilitumia kisanduku cha msimbo, ambacho kinaruhusu kuandika Verilog ndani ya mchoro, na mistari michache ilichukua nafasi ya msitu wa waya. Michoro mikubwa pia unaweza kuifunga na kuitumia kama kisanduku kimoja ndani ya mchoro mwingine. Fanya hivyo mapema, kabla waya hazijaanza kupishana.

Ninaipendekeza kwa fundi au mwanafunzi anayetaka kuelewa saketi zinazofanya kazi sambamba, mradi awe tayari kujifunza Verilog kidogo na akumbuke kwamba pini za iCEstick ni za volti 3.3, hivyo kila taa itahitaji transista yake.