RED: muvi ya wastaafu wenye bunduki, na kwa nini watazamaji hawakubaliani

Ukiulizia RED kwenye vibanda vya muvi vya Ngarenaro, Arusha, au Majengo, Moshi, utapata majibu mawili yasiyokutana. Kuna wanaoiweka juu kabisa kati ya komedi za mapigano za Bruce Willis, na kuna wanaosema ni wazee wanaopiga soga ndefu halafu wanafyatua risasi kidogo. Picha ni ileile moja, ya mwaka 2010, dakika 111, chini ya mwongozaji Robert Schwentke. Kinachotofautiana ni namna mtu alivyoiangalia. Utamu wake mwingi uko kwenye maneno na kwenye nyuso, na hivyo viwili ndivyo vinavyopotea kwanza pale kopi inapokuwa mbovu, besi ya sabufa inapofunguliwa mpaka mwisho, au mtafsiri anapoongea juu ya waigizaji bila kupumua.

Steringi ni Frank Moses, yaani Bruce Willis, mstaafu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, anayeishi peke yake Cleveland. Hundi ya pensheni ikifika anaichana, ili apate sababu ya kumpigia simu Sarah, karani wa ofisi ya pensheni kule Kansas City, na kulalamika kwamba haijafika. Mtu mzima aliyewahi kuzungushwa akifuatilia mafao yake anacheka hapo kabla ya vijana hawajaelewa kinachoendelea. Willis alikuwa na miaka 55 muvi ilipotoka, umri ambao mtumishi wa umma hapa Tanzania anaruhusiwa kustaafu kwa hiari, kwa hiyo hali ya Frank ya kuzunguka nyumbani bila kazi huku nguvu bado anazo haihitaji kuelezwa.

Kisha usiku wanakuja watu wenye silaha kumuua. Hapa muvi inaonyesha mtindo wake wote. Frank hakimbii wala hapandishi sauti. Anawamaliza wa kwanza kimyakimya, na risasi anazipasha moto kwenye kikaango jikoni, zinalipuka moja moja, walioko nje wakidhani wanajibiwa. Wabishi wamelalamikia sana kikaango hicho, na kusema kweli wamekosea mahali pa kulalamika. Risasi iliyo nje ya bunduki ikipata moto hulipuka kweli, ila haina mtutu wa kuisukuma, kwa hiyo inatoa mlio na vipande vya ganda badala ya kwenda mbali kwa kasi. Frank alitaka mlio tu. Pa kulalamika palikuwa New Orleans, Frank anaposhuka kwenye gari la polisi linalozunguka na kuendelea kutembea huku anafyatua kana kwamba ameshuka kwenye daladala iliyosimama stendi. Mwili unatoka na mwendo wa gari, lazima angepepesuka. Pale fizikia imewekwa kando makusudi, na ni sawa, maana ndiyo picha ambayo kila mtu anaikumbuka.

Lalamiko linalorudiwa zaidi ni kwamba kazi yote imefanywa na madabo, wale wanaomwigizia steringi matukio ya hatari. Muvi ya mapigano isiyotumia dabo ni nadra kuipata, hata ya vijana. Dabo unamtambua pale sura inapofichwa, kamera inapokaa nyuma ya kichogo, au picha inapokatwa sekunde ileile mtu anapogonga ukuta. Ukiitazama RED kwa jicho hilo utagundua akili iliyotumika: wazee wamepangiwa wasimame, adui ndiye anayekimbia. Victoria, yaani Helen Mirren, yuko kwenye gauni jeupe la sherehe nyuma ya bunduki nzito, ametulia, na magari ndiyo yanayochanika. Marvin, yaani John Malkovich, anasimama wima katikati ya makontena na kuipiga roketi inayomjia kwa risasi moja ya bastola. Hakuna goti linalolazimishwa kufanya kazi ya goti la miaka 25. Pambano la kweli la mikono ni moja, Willis na Karl Urban, ajenti wa CIA anayemsaka Frank, ndani ya ofisi, kamera ikiwa karibu na vioo vikivunjika. Kwa anayetaka mateke ya kuruka, hii si muvi yake, na ni haki aambiwe mapema.

Marvin ndiye anayebeba kicheko kikubwa, na ndiye anayeharibiwa zaidi na tafsiri ya haraka. Huyu ni jasusi aliyepewa LSD, dawa ya kulevya inayoleta njozi, kila siku kwa miaka 11, sasa anamshuku kila kiumbe. Kuna mwanamke wanayekutana naye njiani. Marvin anamvamia akidai anawafuatilia, wenzake wanamwomba mama wa watu radhi. Baadaye ni mwanamke huyohuyo anayetokea na roketi begani. Kama mtafsiri alijaza tukio la kwanza kwa vichekesho vyake mwenyewe, la pili linaonekana ni mlipuko mwingine tu, na mtazamaji anasema muvi haina mantiki. Kumbe Marvin yuko sahihi muvi nzima.

Wanaolalamikia hadithi, hao wana hoja. Mkasa umejengwa juu ya orodha ya watu waliokuwa Guatemala mwaka 1981, na mwandishi wa habari aliyeuawa kwa kuifuatilia. Maelezo yanatolewa kwa haraka katikati ya safari, mji baada ya mji. Msaada upo: kila wanapohamia mji mpya inatokea picha ya kadi ya posta yenye jina la mji huo. Ukizifuata kadi hizo hupotei. Tatizo ambalo hakuna kadi inayolitibu ni adui. Mhusika wa Richard Dreyfuss anaingia amechelewa na anapewa nafasi finyu, kiasi kwamba mwisho unakosa uzito. Muvi imetokana na kitabu cha picha cha Warren Ellis na mchoraji Cully Hamner, kifupi, cha damu nyingi na kisicho na utani. Waandishi wa muvi walibaki na Frank, wakaongeza karibu kila kitu kingine. Mshono unaonekana.

Ila waigizaji! Washindi wanne wa Oscar kwenye komedi moja ya mapigano: Mirren, Morgan Freeman, Dreyfuss na Ernest Borgnine. Borgnine alikuwa na miaka 93 na anatunza chumba cha mafaili ya siri. Yuko kwenye skrini dakika chache, na hakuna hata moja iliyopotea. Freeman ni Joe, mgonjwa wa saratani ya ini kwenye nyumba ya kulelea wazee, na anaigiza kwa utulivu unaofanya utani wa wengine uwe na maana. Mirren anapanga maua, anakaribisha wageni, halafu anakiri bila aibu kwamba kustaafu kumemshinda, bado anachukua kazi za kuua pembeni. Akina mama wengi huikumbuka muvi kwa sababu yake, na mimi naungana nao: tukio lake la gauni jeupe peke yake linatosha kutoa saa mbili zako.

Sasa kopi. Angalia urefu kwanza. Ikiwa dakika 106 hivi badala ya 111, haijakatwa. Imeharakishwa kutoka fremu 24 kwenda 25 kwa sekunde, na hapo maandishi ya chini yaliyotengenezwa kwa kopi ya kawaida yatazidi kuachana na sauti kadiri muvi inavyosonga. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, kitufe cha G huyawahisha na H huyachelewesha, lakini hiyo inasaidia tu pale tofauti ikiwa ileile mwanzo hadi mwisho. Inayoongezeka taratibu inahitaji maandishi ya fremu 25.

Maneno yakisikika kwa mbali huku milipuko ikitikisa madirisha, sauti ni ya chaneli 5.1: maongezi yamewekwa spika ya katikati, ambayo sabufa ya kawaida haina. Chagua sauti ya stereo kwenye menyu, au weka sauti ya TV kwenye PCM (chaguo la kutoa stereo ya kawaida), kisha punguza besi. Wenye vibanda hufanya kinyume, wanapandisha besi ili wapita njia wasikie, na ndiyo maana walioiangalia kibandani huikumbuka kama makelele. Skrini ikibaki nyeusi huku sauti inasikika, mara nyingi faili limebanwa kwa mfumo mpya wa H.265 na TV ni ya zamani. Tafuta la H.264. Na faili linalozidi GB 4 halitaingia kwenye flash iliyofomatiwa kwa FAT32, hata kama nafasi ipo.

RED 2 ya mwaka 2013, ya mwongozaji Dean Parisot, isubiri. Ni ndefu zaidi kwa dakika tano, imeongeza Anthony Hopkins, Catherine Zeta-Jones na Lee Byung-hun, na inazunguka Paris, London na Moscow. Ilitumia fedha nyingi zaidi, ikaingiza kidogo: ya kwanza ilipata takriban dola milioni 199 duniani, ya pili takriban 148. Mirren anafyatua bastola mbili kupitia madirisha ya gari linalozunguka, Lee akiwa kwenye usukani, na tukio hilo ni zuri kweli. Lakini wazee wamegeuzwa kuwa watu wa kukimbizana, ule utulivu umeondoka, na wivu wa kimapenzi kati ya Sarah na Katja, yaani Zeta-Jones, unakula muda ambao Marvin angeutumia vizuri zaidi.

Zote mbili Marekani zilipewa daraja la PG-13, linalowataka wazazi wawe makini na watoto wa chini ya miaka 13: damu kidogo, mauaji mengi. Kwa mtoto wa chini ya miaka 12 kaa naye, hasa usiku ule wa mwanzo nyumbani kwa Frank. Kwa wazazi wenu waliostaafu, wawekeeni ya kwanza, maandishi yakiwa makubwa na besi ikiwa chini.