Wati 700 za Boksini: Hii Ndiyo Inayokuzimia PC Katikati ya Gemu

Wadau, karibuni tena. Leo nina hasira, na aliyenikasirisha huyu hapa mezani: pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, iliyoandikwa wati 700 kwenye boksi, kwa maandishi makubwa kabisa. Jina nimelifunika kwa sababu tatizo si la kampuni moja, za namna hii zimejaa madukani.

Mnaniandikia malalamiko yale yale. Ukifungua Word, sawa. Ukiangalia video, sawa. Ingia kwenye gemu sasa, mechi ndiyo imekolea, kioo kinakata ghafla na mashine inajiwasha upya yenyewe. Fundi anakupigia Windows upya, anachukua hela yake, ukifika nyumbani hali ni ile ile. Inaniuma sana hii, kwa sababu wengi wenu hela yenyewe mmeitafuta kwa shida.

Mashine hii ina kadi ya grafiki RTX 3060 na prosesa Ryzen 5 5600. Sifa zake mnazijua, tusonge. Njooni kwenye stika ya pawa saplai. Ngoja nisogeze kamera... hapo. Achaneni na hiyo 700, shukeni kwenye safu ya volti 12. Mnaona? Ampea 22. Zidisha 12 kwa 22 unapata wati 264. Basi! Hizo ndizo zinazolisha kadi na prosesa, maana vyote viwili vinakula volti 12. Haya, tuwape na nyingine: volti 5 kwa ampea 28 ni wati 140, volti 3.3 kwa ampea 20 ni 66. Jumla 470. Hiyo 700 wameitoa wapi? Stika yao wenyewe inawakana!

Upande wa mahitaji, 3060 peke yake ni wati 170, prosesa ikikazwa inafika 76. Hapo ni 246, na bado feni, SSD na hizo taa za rangi mnazozipenda. Halafu kadi ya grafiki haili umeme kwa utulivu. Mlipuko ukitokea kwenye gemu, inaruka juu ya wastani wake kwa muda mfupi mno, hata jicho haliwezi kufuata. Volti ikishuka chini ya 11.4 imeshatoka nje ya kiwango cha ATX, yaani vipimo vinavyofuatwa na pawa saplai za kompyuta za mezani, na pawa saplai ikizidiwa, inakata. Miruko hii ndiyo iliyofanya ATX 3.0 ya mwaka 2022 ije na masharti makali zaidi.

Sasa tazameni. Nafungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi ya grafiki, navuta Power Limit, yaani kikomo cha umeme wa kadi, hadi asilimia 70. Kadi sasa haizidi wati 119. Naingia kwenye gemu ile ile, sehemu ile ile... inacheza. Fremu zimepungua kidogo lakini inacheza. Narudisha 100, naingia tena, nakimbilia kwenye moto... Imekata! Mmeona kioo? Hakuna kioo cha bluu cha hitilafu, hakuna ujumbe, giza tu.

Nyumbani kwako fanya hilo hilo kabla hujanunua chochote, ni bure. Ikitulia kwenye 70 na kufa kwenye 100, mshukiwa wa kwanza ni pawa saplai. Ukikuta Kernel-Power 41 kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, usidhani ndiyo jibu. Inakwambia tu kwamba mashine ilizima bila kuaga. Andika pia sysdm.cpl kwenye menyu ya Start, nenda Startup and Recovery, toa tiki kwenye Automatically restart. Kama ni draiva au ram, sasa kioo cha bluu kitabaki ukisome. Joto? Prosesa ikipata joto kwa kawaida hupunguza mwendo kwanza, kwa hiyo ungeona fremu zikidondoka kabla ya kuzima.

Na ninyi wa OptiPlex za mtumba, zile kompyuta za Dell za ofisini, kabla hamjanunua pawa saplai ya kawaida, angalieni plagi ya ndani. Dell nyingi zina plagi yao, haiingiliani na ya ATX.

Badala ya ile ya wati 700, nimechukua hii pawa saplai ya Corsair CX550. Boksi linasema 550 tu, duka lile lile wataiona ndogo. Stika yake kwenye volti 12: ampea zaidi ya 45, zote zinakwenda kunakotakiwa. Bei imechangamka, siwafichi. Lakini kama bajeti imebana, bora upunguze kadi daraja moja kuliko kuibana pawa saplai. Na tafadhali, ile ya zamani msiifungue kwa bisibisi, kapasita zake zinashika umeme hata ikiwa imechomolewa.

Jumamosi usiku tuko laivu, nitaifunga hii mbele yenu na kadi kwenye asilimia 100. Kabla ya hapo piga picha stika ya kwako, niandikie chini ampea za volti 12 na jina la kadi. Naanza kujibu leo.