Uzoefu wangu na tiba ya McKenzie kwa kiuno na shingo

Nimeitumia tiba hii ya mazoezi kwa maumivu ya kiuno yaliyoshuka mguuni, kisha kwa shingo. Inafaa hela yake pale tu mtaalamu anapokupima kwa kukuinamisha na kukupinda huku na huku kabla hajakupa zoezi lolote. Ukilazwa, ukawekewa taulo la moto, ukakandwa na kuambiwa urudi wiki ijayo, utapata nafuu ya jioni moja, lakini hiyo siyo McKenzie hata kama bango la mlangoni linasema ndiyo.

Mwanzilishi wake, Robin McKenzie, alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) huko Wellington, New Zealand. Mwaka 1956 mgonjwa wake mmoja alilala kifudifudi kwenye kitanda kilichoinuliwa upande wa kichwani, kiuno kikapinda kwenda nyuma, mkao ambao wakati ule ulidhaniwa ni wa hatari. Alipoinuka, maumivu ya mguu yalikuwa yamekwisha. McKenzie akaanza kuchunguza ni mwendo upi unamtuliza nani, na huo ndio moyo wa tiba yake hadi leo.

Kwa hiyo kipimo ndicho unacholipia. Unainama mara kumi, unajipinda nyuma mara kumi, kwanza umesimama, kisha umelala, na kila mara unaulizwa: sasa panauma wapi? Ukisikia maumivu yakipanda kutoka shavu la mguu hadi pajani, kutoka pajani hadi kalioni, mwisho yakakusanyika katikati ya kiuno, umeupata mwelekeo wako, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kwa muda. Yakishuka kuelekea wayo na yakabaki huko baada ya kuacha, zoezi hilo siyo lako. Wengi hutulizwa na kujipinda nyuma, wengine na kuinama, wachache na kusogeza nyonga upande. Ndiyo maana kunakili zoezi la jirani ni kubahatisha.

Kwa sisi wa kujipinda nyuma, kazi iko hivi. Lala kifudifudi sakafuni juu ya mkeka au zulia, maana godoro la sponji hubonyea na kula nusu ya mwendo. Tulia dakika mbili tatu. Egemea viwiko, dakika mbili tatu tena. Kisha weka viganja chini ya mabega, nyoosha mikono na uinue kifua, nyonga zibaki zimelala. Juu kabisa toa pumzi, uache kiuno kining'inie kwa sekunde moja au mbili, ushuke. Mara kumi, na urudie kila baada ya saa mbili au tatu.

Hapo kwenye kurudia ndipo tiba hufia. Watu hufanya asubuhi na usiku, halafu wanakaa kwa muda wa saa nane kwenye kiti wamejikunja, na kila walichokipata kinapotea. Kosa la pili ni kukaza makalio: misuli ikikazwa, pingili za chini za mgongo hazisogei, mzigo wote unabebwa na mikono. La tatu ni kuinua nyonga pamoja na kifua, kama pushapu. Ukiwa kazini au safarini, simama, shika kiuno kwa viganja, jipinde nyuma mara kumi. Zoezi hili ni dhaifu kuliko la sakafuni, ila linashikilia nafuu uliyoipata.

Kukaa nako kuna dawa yake. Kunja kanga mbili au taulo liwe bomba nene kama mkono, liweke kwenye mbonyeo wa kiuno, juu kidogo ya mkanda. Kwenye viti vya daladala linasaidia kuliko mito mingi ya dukani niliyoijaribu. Na asubuhi usikimbilie ufagio wa chelewa au ndoo: diski, yaani mto laini ulio kati ya pingili na pingili, hufyonza maji usiku, kwa hiyo saa ya kwanza baada ya kuamka kuinama kunaibana zaidi. Fagia baadaye.

Shingo hufuata kanuni ileile. Kaa wima, macho mbele, rudisha kichwa nyuma moja kwa moja mpaka kidevu kifanye mikunjo, bila kukiinua wala kukiinamisha. Mara kumi. Maumivu ya mkononi yakirudi begani kisha shingoni, endelea. Vidole vikizidi kufa ganzi au kizunguzungu kikija, acha umweleze mtaalamu.

Kwa maumivu mapya ya kiuno, tafiti hazijaonyesha kwamba McKenzie inazishinda sana tiba nyingine, na mengi hupungua yenyewe ndani ya wiki chache. Mimi naipendea kwamba inakufundisha kujitibu, hivyo huwi mteja wa kudumu. Wazee ambao njia ya uti wa mgongo imekuwa nyembamba, wale ambao miguu huwa mizito wakitembea na hupata nafuu wakikaa, mara nyingi huumizwa na kujipinda nyuma.

Mkojo ukikwama au ukitoka bila hiari, ganzi ikishika sehemu unayokalia, au mguu ukilegea ghafla, usitandike mkeka: nenda hospitali siku hiyohiyo. Maumivu yanayoambatana na homa au kukonda bila sababu, au yaliyoanza baada ya kuanguka, yaonwe na daktari kwanza.