Katuni za mtoto kuchagua njia mwenyewe: soma hii kabla hujalipia

Wazazi wenzangu, kama una mtoto wa chekechea na unafikiria kumlipia programu ya katuni za kuchagua, zile hadithi inafika mahali inasimama, vinatokea vitufe viwili na mtoto ndo anaamua mnyama aende huku au kule, naomba usome kwanza kabla hujatoa hela. Hapa kwangu Tabata tunayo moja kwenye kishkwambi, jina lake siliweki, anaitumia binti yangu wa miaka 5 na kaka yake wa darasa la pili.

Uzuri upo tena mkubwa. Katuni ya kawaida mtoto anakodoa macho tu, unamwita mpaka unachoka. Hii inamfanya aongee. Kuna hadithi moja sungura anaenda kwa bibi yake, akafika mtoni, unaulizwa avuke juu ya gogo au amsubiri kobe ambebe. Pale ndo utamu wenyewe ulipo, wanangu wanabishana, mmoja anasema gogo litazunguka, mwingine anasema kobe atachelewa giza litaingia, mpaka mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga akaweka ungo wa mchele pembeni akasema "mwambieni asipande hilo gogo, mto huo lazima una mamba". Mtoto wa miaka 5 anatoa sababu, anasikia sababu ya mwenzie, anabonyeza, sungura akitumbukia majini anajua kabisa aliyempitisha huko ni yeye. Hicho ndo kitu cha kulipia, sio rangi wala nyimbo.

Sasa tuje kwenye kero. Ukifika sehemu ya kuchagua kuna mstari kule chini unapungua, ukiisha programu inachagua yenyewe na safari inaendelea. Na vitufe vimeandikwa Kiingereza, hakuna sauti ya kuvisoma, hakuna hata kipicha cha gogo na kobe. Yaani mimi nisome, niwaambie kwa Kiswahili, wabishane, wakubaliane, halafu mstari ushaisha kitambo na sungura keshapanda gogo. Binti analia na simuoni kama anadeka, kaambiwa achague halafu kanyang'anywa. Huu ni umri ambao mtoto anahitaji kusubiriwa, aliyeweka ule mstari sijui alikuwa anamfikiria mtoto gani.

La pili ndo limeniuma zaidi. Wakishairudia hadithi mara nyingi wanaanza kuona mambo, siku moja binti akaniuliza "mama, mbona kote kote anafika kwa bibi yake vilevile?" Nikaangalia njia zote mbili, ni kweli, kipande cha mwisho ni kilekile mpaka maneno, na sungura aliyetoka kuanguka mtoni anafika mkavu. Mkavu kabisa jamani. Naelewa kwamba njia lazima zikutane, kila uchaguzi ukigawa hadithi mara mbili basi chaguzi 10 tu zinakupa miisho 1,024 na hakuna wachoraji wa kuchora yote hayo. Netflix walipoanza hizi katuni Juni 2017 ile ya kwanza ya paka ilikuwa na sehemu 13 za kuchagua na miisho 2 tu, ila kulingana na unavyochagua inaweza kuchukua dakika 18 au ikafika 39, kwahiyo mtoto anaona kweli kwamba uamuzi wake umebadilisha safari. Sungura angefika kwa bibi ameloa, bibi akampa kanga ajifute, ingetosha! Kipande kimoja kifupi tu.

Bando nalo inakula, hilo ulitegemee. Na usihangaike kumwomba kijana wa kibandani akuwekee kwenye flashi, kule inakuja video inayotembea moja kwa moja, vitufe haviji, kwasababu kuchagua kunafanywa na programu yenyewe sio ile video.

Mtu atauliza kwanini ulipie wakati YouTube ipo. Ni kwamba toka mwanzoni mwa 2020 video inayowekwa alama kuwa ni ya watoto hairuhusiwi vile vibao vya kubonyeza vinavyokupeleka video nyingine, ni katika mambo ya kulinda faragha ya watoto, na hivyo vibao ndo wangetumia kutengeneza njia mbili. Netflix nao Desemba 2024 waliondoa karibu hadithi zao zote za kuchagua na 2025 wakamalizia zilizobaki. Kwahiyo soko limebaki kwa programu ndogondogo kama hii ya kwetu, na nyingi hazina Kiswahili.

Na hapo ndo nasikitika, maana Ubongo, wale wanaotengeneza katuni za kufundisha watoto, wako hapahapa Dar, katuni yao ya Ubongo Kids ilianza TBC1 mwaka 2014 na mtoto aliweza kujibu maswali kwa meseji kwa simu ya kitochi ya mzazi, bila kishkwambi wala intaneti. Kama simu ya kitochi iliweza kumshirikisha mtoto wa Mbagala, basi hadithi ya kuchagua kwa Kiswahili, yenye sauti inayouliza "tupite wapi?" halafu inatulia kungoja jibu, inawezekana na wazazi tungelipia.

Kwa sasa ushauri wangu, programu yoyote ya aina hii ijaribu kwanza kile kipande cha bure ukiwa umekaa na mtoto, usimwachie dada amuwashie peke yake. Usibonyeze chochote uone kama inamsubiri. Kisha rudia hadithi hiyohiyo upite njia nyingine uone kama mwisho unakumbuka alichochagua. Yetu naipa nyota 2 kati ya 5, zote kwa ajili ya yale mabishano ya mtoni, malipo yanaisha mwisho wa mwezi na siongezi mpaka watoe ule mstari.