Uzoefu wangu: nyuzi za kuziba upara kwenye upepo wa Mwanza

Nianze na hukumu, maelezo yafuate. Nyuzi za keratini (protini ile ile inayounda nywele), hizi za kunyunyiza kichwani zinazojulikana kwa majina kama Toppik, zinafanya kazi nzuri sana utosini na kazi mbovu kwenye pembe za paji la uso. Mwenye nywele zilizopungua lakini bado zipo atazifurahia. Mwenye ngozi tupu inayong'aa asipoteze hela, kwa sababu zinashika unywele, hazishiki ngozi. Ni vipande vidogo mno vinavyokaa kwa umeme tuli na kwa kunaswa na nywele zilizosalia. Hapo sisi wa kipilipili tuna bahati, maana mizunguko ya nywele zetu inanasa vizuri. Ila nywele ziwe na urefu: ukinyoa namba 2, yaani milimita 6, inatosha. Namba 1 nyuzi zinaanza kuonekana kama masizi yaliyodondokea kichwani, na chini ya hapo achana nazo.

Kichwa kiwe safi na kikavu kabisa. Adui wa kwanza ni mafuta, na wengi wanakwama hapo: mtu anapaka mafuta ya nywele asubuhi, kisha ananyunyiza, nyuzi zinagandana kuwa vibonge na ngozi inabaki wazi katikati. Mafuta yapakwe usiku, asubuhi uoshe. Anayetumia minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, aitangulize, mililita 1 ya ile ya maji, na aiache ikauke. Inaweza kuchukua saa 2 hadi 4. Ya povu inakauka mapema zaidi. Na ieleweke kwamba nyuzi hazioteshi nywele wala hazizuii zisipungue. Homoni inayosinyaza vishina vya nywele inaendelea na kazi yake chini kwa chini, upake usipake.

Zima feni. Vua shati, tandaza taulo mabegani, fumba macho, bana pumzi. Shika kopo sentimita kama 10 juu ya utosi na uligonge kwa kidole. Ukilitikisa kwa nguvu linamwaga rundo mahali pamoja. Pigapiga polepole kwa kiganja ili nyuzi zishuke kwenye mashina, tazama kwa vioo viwili, ongeza kidogo, tazama tena. Kwa upara wa kadiri, nusu gramu inatosha. Ukishaona ngozi haionekani, acha. Kinachozidi hapo ndicho kitakachodondokea kwenye kola. Malizia na dawa ya kupulizia ya kushikiza, ukiwa mbali sentimita 20 hadi 25, sekunde mbili tatu tu, usiguse mpaka ikauke. Baada ya hapo kitana marufuku.

Rangi ichaguliwe nje, juani, siyo chini ya taa ya dukani, na ifanane na mashina ya nywele, siyo ncha zilizoungua na jua. Mwenye mvi pembeni akijaza weusi mtupu utosini, aliyekaa nyuma yake kwenye daladala atajua kila kitu. Changanya nyeusi na ya kijivu kidogo.

Mbele ndiko kwenye aibu. Usijaribu kushusha mstari wa nywele mahali ambapo nywele hazipo. Pale mimi naona afadhali unga mgumu wa kwenye kikopo, aina ya DermMatch, unaosuguliwa kwenye ngozi kwa kisponji. Hauongezi ujazo, lakini unazima mng'ao wa ngozi na unavumilia jasho na upepo kuliko nyuzi. Unga mbele, nyuzi utosini: kwa Mwanza sijaona mpangilio unaoushinda huo.

Kwa nini nasema Mwanza? Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, na mtu wa Kirumba au Capri Point anaujua. Kwenye feri ya Kamanga kaa ndani. Upepo ukikupiga kutoka nyuma unainua nywele za utosi na siri inatoka nazo. Jasho la kupanda vilima vyetu vya mawe likaushwe kwa kubonyeza leso polepole, lisifutwe. Manyunyu yanavumilika ukishapulizia, mvua ya masika haivumiliki. Helmeti ya bodaboda inafuta karibu kila kitu, hivyo beba kopo dogo na kioo, urekebishe ukishafika. Kofia ni hivyo hivyo. Na anayetawadha ajue kwamba kupaka maji kichwani kunazigandisha na nyingine zinabaki mikononi. Ni rahisi zaidi kuziweka baada ya swala ya mwisho kabla ya shughuli yako kuliko kurudiarudia.

Bidhaa za kuiga ni nyingi. Choma chembe kidogo kwenye kijiko: keratini inanuka nywele zilizoungua, pamba au rayoni inanuka karatasi. Kisha lowesha nyingine uzisugue kwenye tishu nyeupe. Zikitoa wino, jasho litakuchorea mistari usoni.

Kinyozi atakushauri piko au dawa nyeusi ya kupaka, ambayo ni rahisi na haipeperuki. Tatizo ni kwamba nyingi zina PPD, kemikali inayoweza kuwasha na kuvimbisha ngozi, hata uso mzima. Hiyo kwangu hapana.

Usilale nazo, foronya itakuwa nyeusi na ngozi itaanza kuwasha. Shampuu ya kawaida inazitoa, povu mara mbili. Kama kuna vidonda, magamba au vipele vya kisogoni, subiri vipone. Kama upara umetokea ghafla kama duara, siyo ule wa kuanzia pembe na utosi, mwone daktari wa ngozi kabla ya kununua chochote.

Kopo la gramu 27.5, kwa nusu gramu kila siku, linakwenda karibu miezi miwili. Lakini anza na dogo la gramu 12, kwa sababu rangi ya kwanza mara nyingi siyo yenyewe, na kopo likishafunguliwa duka halirudishi hela.