Miezi 18 baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: nilichopata, kilichonikera, na uongo mmoja niliomwambia daktari

Nianze na namba, maana najua wengi mnazitafuta hizo kwanza. Siku naingia chumba cha upasuaji nilikuwa na kilo 128 kwa urefu wa sentimita 164. Leo nina kilo 88. Vidonge vya presha nimeachishwa, vya kisukari nimebaki na kimoja asubuhi, na mashine ya kunisaidia kupumua usiku imerudi kwenye boksi lake. Habari njema ndizo hizo. Sasa nieleze yale ambayo mtu aliyefanyiwa juzi hawezi kukwambia, kwa sababu bado hayajamfika.

Kilo nilizowahi kupunguza maishani, ukizijumlisha, zinatosha kuumba mtu mwingine mzima. Zilikuwa zinarudi, tena zinarudi na wageni. Kilichonisukuma kwenda kwa daktari bingwa hakikuwa kioo wala nguo. Mume wangu alinirekodi kwa simu nikiwa nimelala. Nikajisikiliza: koroma, koroma, halafu kimya. Nikadhani rekodi imekatika. Nikatazama skrini, sekunde zinahesabu tu. Kumbe ndiyo mimi, sipumui. Kisha nikajisikia nikivuta pumzi kama mtu anayeibuka kutoka majini. Akaniambia yeye huwa macho akinisubiri nivute ile pumzi. Kesho yake nikapiga simu kuomba miadi.

Dada yangu aliposikia akasema, "Si ufunge mdomo tu, mdogo wangu? Kwani lazima ukatwe?" Sikumjibu. Miaka yote nilikuwa nikifunga mdomo, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata kama wamelelewa nyumba moja.

Kuchagua aina ya upasuaji kulinichukua miezi mitatu, na hapa naomba niseme taratibu. Kuna puto linalowekwa tumboni na kutolewa baada ya miezi kadhaa. Hilo halina kisu, lakini likitoka, uzito mara nyingi hurudi. Kuna mkanda wa kubana mfuko wa chakula kwa juu, ambao siku hizi madaktari wengi wameuacha. Zinabaki mbili zinazofanywa zaidi. Slivu ni kukata na kuondoa kama robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi kidogo, kinabaki kitu chembamba mfano wa ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, grelini, kwa hiyo hamu ya kula hupungua. Baipasi ni kutengeneza kifuko kidogo juu ya mfuko wa chakula na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikaruka njia yake ya zamani.

Kwa mtu mwenye kisukari, baipasi ina sifa nzuri. Kwa mwenye kiungulia pia ndiyo hupendekezwa, kwa sababu slivu inaweza kukizidisha. Daktari alinieleza yote haya vizuri, tena kwa mchoro. Kisha akaniuliza, "Kiungulia unapata?" Nikasema, "Kidogo tu, mara mojamoja." Ulikuwa uongo. Nilikuwa nalala na mito mitatu. Ila wazo la kuunganishwa utumbo upya lilinitia hofu kuliko kukatwa mfuko, na nilijua nikisema kweli ataniambia baipasi. Wakaniingiza kamera ya mdomoni, hawakuona kidonda, tukakubaliana slivu. Yule daktari simlaumu hata chembe.

Kuhusu kufaa au kutofaa: kwa miaka mingi, tangu mwongozo wa Marekani wa 1991, ilitakiwa BMI, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, iwe 40 na kuendelea, au 35 ukiwa na ugonjwa kama kisukari. Mwaka 2022 chama cha Marekani na kile cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji huu vilishusha: 35 hata bila ugonjwa, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari. Mimi nilikuwa 47 na ushee, hapakuwa na mjadala.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe unapewa mlo wa kupunguza ini. Hakuna wanga wa maana, hakuna sukari. Ini la mtu mnene hujaa mafuta na kuvimba, nalo limeulalia mfuko wa chakula kama paka juu ya jiwe la moto. Daktari lazima aliinue ndipo afike anakokwenda, na ini kubwa likigoma anaweza kuahirisha. Kwangu hizi wiki mbili zilikuwa ngumu kuliko zote zilizofuata, kwa sababu njaa bado ilikuwa ile ya zamani na mfuko ni uleule.

Upasuaji wenyewe sina mengi. Nusu kaputi, ukiamka una matundu matano madogo tumboni. Maumivu ya matundu yalivumilika. Kilichonishangaza ni bega la kushoto kuuma kama nimebeba gunia. Wanakujaza hewa ya kaboni tumboni ili wapate nafasi ya kuona, na inayobaki huchokoza kiwambo cha kupumulia, maumivu yakajitokeza begani. Dawa yake ni kutembea. Jioni ileile nesi alinisimamisha, mimi na dripu yangu, tukaenda hadi mwisho wa korido na kurudi. Sindano za kuzuia damu isigande nilichomwa hospitali na nikaendelea kujichoma nyumbani. Nikalala siku mbili, nikaruhusiwa.

Nyumbani maisha yalihamia kwenye kikombe kidogo cha dawa, kile cha plastiki chenye mistari, mililita 30. Niliambiwa nifikishe lita moja na nusu kwa siku. Piga hesabu: vikombe 50. Kikombe kimoja kila robo saa ni zaidi ya saa 12 za kunywa. Nilikuwa naweka kengele kwenye simu. Ukimeza funda la kawaida, lile la mtu mwenye kiu, kifua kinabana kana kwamba umemeza kokoto. Kiu ilinisumbua, njaa sikuisikia kabisa. Watu wananiuliza wiki ya kwanza nilikula nini. Nilikuwa nakunywa tu, hiyo ndiyo ilikuwa kazi.

Sasa malalamiko yangu. Wiki ya tatu, nikiwa nimeanza vyakula vilivyosagwa laini, nilianza kutapika. Ijumaa kidogo, Jumamosi kila kitu, Jumapili hata maji hayakai. Karatasi niliyopewa siku ya kuruhusiwa imeandikwa: "Ukipata tatizo piga namba hii." Nikapiga. Ikaita hadi ikakata. Nikapiga mara saba. Kumbe namba ile ni ya ofisi, na ofisi inafungwa Ijumaa jioni. Mapigo ya moyo yalikuwa yanakimbia, na nilikuwa nimesoma kuwa moyo kwenda mbio, homa na maumivu yanayoongezeka vinaweza kuwa dalili kwamba mshono wa ndani unavuja, na kuvuja si jambo la kusubiri kesho.

Tukaenda chumba cha dharura cha hospitali iliyokuwa karibu. Daktari wa zamu, kijana mstaarabu, akaniuliza, "Mama, walikata nini hasa?" Sikuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha. Nikamchorea ndizi nyuma ya risiti. Wakapima damu, wakapiga picha, hakuna kilichovuja. Maji yalikuwa yamekwisha mwilini, na chanzo kilikuwa mimi mwenyewe kula kwa haraka na kuzidisha vijiko. Jumatatu daktari wangu alipopatikana, swali lake la kwanza lilikuwa kama nilipewa vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari, kwa sababu mtu aliyetapika siku nyingi akikosa vitamini hiyo anaweza kudhurika mishipa ya fahamu. Swali zuri sana. Lingefaa zaidi Jumapili.

Ndiyo maana nikiulizwa nampendekeza nani, huwa siulizi habari za mkono wa daktari kwanza. Mezani unalala saa moja au mbili. Unacholipia ni mwaka unaofuata. Kabla ya kutoa fedha uliza nani anapokea simu usiku wa Jumapili, mtaalamu wa lishe utamwona mara ngapi, na kama utapewa barua inayoeleza ulichofanyiwa. Mimi barua hiyo naitembeza kwenye pochi hadi leo, na nimeandika kwa kalamu nyekundu kwamba dawa za maumivu jamii ya ibuprofeni nisipewe bila kuuliza.

Wiki ya tano nikaruhusiwa yai. Nililichemsha, nikalikata vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, nikatafuna hadi likawa uji. Kijiko cha nne, pua ikaanza kuchuruzika. Nikafuta, nikaendelea. Kijiko cha tano, kwikwi. Cha sita nikakimbilia sinki, yakatoka mapovu meupe matupu. Nesi ndiye aliyenifumbulia: kwa wengi wetu makamasi mepesi ndiyo kengele ya kushiba. Tangu siku hiyo nikianza kuvuta kamasi mezani, mume wangu anaondoa sahani bila kuuliza. Maji nayo sinywi na chakula. Nangoja nusu saa.

Mizani iligoma wiki ya tatu na ya nne, isishuke hata gramu 100. Wengi hupitia hapo, msitupe mizani dirishani. Mwezi wa nne nywele zikaanza kubaki kwenye kitana, mafungu kwa mafungu. Mwili ukishtushwa hivyo hufanya hivyo, lakini mimi nilijiongezea: nilitakiwa protini gramu 60 kwa siku na zaidi, nilikuwa sifiki 40. Zilirudi kufikia mwezi wa tisa. Vitamini, chuma, kalsiamu na B12 ni za maisha. Chuma na kalsiamu usizimeze pamoja, zitenganishe kwa saa mbili au zaidi, la sivyo kalsiamu inazuia chuma kuingia. Wanawake wenzangu: ujauzito usubiri mwaka hadi mwaka na nusu, na panga uzazi mapema, kwa sababu uzito ukishuka uwezo wa kushika mimba hupanda.

Kichwa hawakukigusa. Saa tatu usiku, nikiwa nimekwaruzana na mtu, miguu bado inanipeleka jikoni. Na vitu vitamu vilaini, kama aisikrimu, vinapita kwenye slivu bila kugonga hodi. Nyama inakwama, aisikrimu inateleza. Mwezi wa kumi na moja nilipanda kilo mbili kwa mtindo huo, nikarudi kwa mshauri wa saikolojia ambaye nilikuwa nimemwona mara moja tu kabla ya upasuaji, nikidhani ni wa kukamilisha fomu. Ngozi ya tumbo na mikono imelegea, nimeizoea.

Nyota zangu: upasuaji 5, manesi 5, maelezo ya awali 4, huduma baada ya kutoka 2. Ningerudia? Ndiyo, kesho asubuhi.

Kiungulia, sasa. Kimekuja chote, na ndugu zake. Kidonge kila asubuhi, mito imerudi mitatu, usiku mwingine naamka na uchungu kooni. Daktari amesema dawa zikishindwa slivu inaweza kubadilishwa kuwa baipasi, ileile niliyoikimbia. Kamera ya mdomoni nimepangiwa mwezi ujao. Safari hii akiniuliza nalala na mito mingapi, nitamwambia.